Mwenyeji wa Ujerumani atarejesha gharama baada ya safari: sisi wanafunzi sita wa Dodoma tutangulize fedha kutoka wapi?

Mweka Hazina wa Kikundi ameuliza:

Ndugu zangu, mbukwenyi.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa shahada ya biashara hapa Dodoma, na wenzangu wamenikabidhi uweka hazina wa kikundi chetu cha watu sita. Chuo chetu kina ushirikiano na chuo kimoja cha Hamburg, Ujerumani, na mwaka huu wa 2026 tunatarajiwa kukaa huko kuanzia tarehe 21 Septemba hadi tarehe 11 Oktoba ili kumalizia mradi tulioanza mwaka jana, ambao ni kuchunguza jinsi asali ya Manyoni na zabibu zilizokaushwa za hapa kwetu zinavyoweza kupata nafasi kwenye rafu za maduka madogo ya vyakula vya asili katika mji ule. Mhadhiri wetu mmoja ataongozana nasi.

Kinachoninyima usingizi ni fedha, na hasa suala la nani anatoa kwanza. Barua ya mwenyeji inasema kwamba atagharamia tiketi za ndege, malazi na usafiri wa ndani ya mji, lakini kwa kurejesha gharama hizo baada ya safari, kila risiti ikiwa imeambatishwa. Chuo chetu kitatoa posho ya kujikimu ya chakula, nayo itapitia kwenye masurufu ya mhadhiri, yaani fedha za safari anazokabidhiwa kwanza na kuzitolea hesabu akirudi. Mtu akiisoma barua ile juujuu anatupongeza kwamba safari yetu imelipiwa yote, ila mimi niliyeshika daftari naona kwamba wakala wa tiketi wa Dar es Salaam ametutajia shilingi 2,850,000 kwa kila mmoja, ambazo kwa watu sita ni shilingi 17,100,000, na hapo sijagusa hosteli wala bima. Wazazi wa wenzangu wawili ni wakulima wa alizeti, na mwenzetu mwingine anaishi kwa mkopo wa elimu ya juu tu. Hatuna mahali pa kuzitoa.

Ndani ya kikundi kuna mawazo matatu. Wengine wanataka kila familia ikope na kusubiri marejesho. Wengine wanasema michango yote iingizwe kwenye akaunti yangu ili ubalozini ionekane kwamba kikundi kina fedha. Wa tatu wanapendekeza mhadhiri aombe masurufu makubwa zaidi yatakayotosha na tiketi, lakini tulipomfuata na wazo hilo alinyamaza kwa muda, akasema atalitafakari, na tangu siku hiyo halizungumzii. Wakala naye anatuhimiza tununue tiketi sasa kwa sababu bei itapanda, ilhali viza bado hatujaomba na wawili kati yetu hawana hata pasipoti.

Naomba mnisaidie: nani atangulize fedha, tiketi inunuliwe lini, na ni gharama gani ambazo watu husahau kuziandika mpaka zinapowakuta njiani?

Niliyewahi Kwenda amejibu:

Ndugu Mweka Hazina, nimelisoma swali lako nikajiona mimi mwenyewe miaka mitatu iliyopita. Tulikuwa watano, kutoka chuo kingine cha hapa hapa Dodoma, tukielekea nchi nyingine ya eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa mradi unaofanana na wenu. Naomba nianze na wazo la pili, kwa kuwa ndilo lililotuumiza.

Tulikusanya michango kwa simu, tukaiingiza kwenye akaunti ya kiongozi wetu ndani ya siku tisa, akafikisha karibu milioni 14. Taarifa ya akaunti yake ya miezi mitatu ilikuwa kituko: miezi miwili na nusu ya mwanafunzi anayetoa elfu kumi kumi kwenye mashine, kisha ghafla tajiri. Sisi wengine wanne akaunti zetu zilikuwa na shilingi elfu arobaini, elfu sitini, na mmoja alikuwa na elfu saba. Tulisahau kwamba kikundi kinasafiri pamoja lakini maombi ya viza yanasomwa mtu mmoja mmoja. Kila mwombaji anatakiwa athibitishe kwamba yeye ana namna ya kuishi kule na kurudi. Mwenzetu wa elfu saba alikataliwa. Karatasi ya kukataliwa ni fomu yenye visanduku, na kwake alama ilikuwa kwenye kile kisemacho kwamba hakuthibitisha fedha za kujikimu. Kiongozi mwenye milioni 14 alipewa, baada ya kuandika barua ya kurasa mbili kueleza zilikotoka. Kosa lilikuwa letu, hatukuwa na wa kumlaumu.

Kwa hiyo usikubali akaunti yako igeuzwe kapu la kikundi. Kinachowafaa ni barua ya mwenyeji inayomtaja kila mmoja wenu kwa jina kama lilivyo kwenye pasipoti, inayosema nani analipa tiketi, nani analipa malazi, nani analipa chakula na kwa tarehe zipi, pamoja na barua ya chuo chenu inayosema hivyo hivyo bila kupishana hata siku moja. Ujerumani ina na hati nzito kuliko barua, wanaiita Verpflichtungserklärung, ambayo mwenyeji anakwenda kuisaini mbele ya idara ya wageni ya mji wake na kujifunga kisheria kwamba gharama za mgeni ziko juu yake. Si kila mwenyeji atakubali, maana inambana kweli kweli, lakini kuuliza si ujinga.

Sasa nije kwenye lile neno "kurejesha", kwa sababu kwa maoni yangu tatizo lenu lote limejificha hapo. Mnahangaika kutafuta milioni 17 za kuziba pengo ambalo mwenyeji anaweza kulifuta kwa barua pepe moja. Mwandikieni kwa heshima kwamba ninyi ni wanafunzi, hamna mtaji wa kutanguliza, na mnaomba tiketi na hosteli zilipwe naye moja kwa moja kwa ankara, badala ya kurejeshewa. Msione aibu. Mhasibu wa kule akipelekewa ankara moja ya hosteli ya watu saba atafurahi kuliko kupekua bahasha ya risiti sitini za lugha na sarafu mbalimbali. Sisi hatukuthubutu kuuliza, tukakopa, na marejesho yetu yalichukua miezi minne huku riba ya wazazi ikitembea. Tulipokuja kumweleza mwenyeji, alishangaa kwa nini hatukusema mapema.

Kuhusu tiketi, msinunue kabla ya viza hata kama wakala atapiga magoti. Kwenye maombi kinachotakiwa ni uthibitisho wa nafasi iliyoshikwa, wa kwenda na kurudi, wala si tiketi iliyokwisha kulipiwa. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini wanaruhusiwa kufika siku 45 kama kuna jambo la kuchunguza. Mkihesabu kurudi nyuma kutoka 21 Septemba, mtu makini hatavuka katikati ya Julai bila kuwa amepeleka fomu. Bima ya safari lazima iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000 na iguse siku zote za safari. Sisi mmoja alikata ya siku pungufu kwa mbili akarudishwa dirishani.

Kuna na habari njema. Ada ya viza ya Schengen ni yuro 90 tangu Juni 2024, lakini wanafunzi na walimu wanaoongozana nao, wakisafiri kwa ajili ya masomo au mafunzo, husamehewa ada hiyo. Malipo ya wakala anayepokea maombi, pale ambapo yuko wakala, hayasamehewi. Hapa ndipo barua zetu zilipotuponza: chuo chetu kiliandika kwamba tunakwenda "kwa shughuli za biashara", kwa kuwa sisi ni wanafunzi wa biashara, na dirishani tukahesabiwa wafanyabiashara. Tulilipa. Ninyi hakikisheni barua inasema wazi kwamba ni ziara ya mafunzo, sehemu ya mtaala, na kwamba hakuna kazi ya mshahara.

Wale wawili wasio na pasipoti waanze kesho. Ada ni shilingi 150,000, na kinachochelewesha mara nyingi ni jina: cheti cha kuzaliwa kinasema Mohamedi, kitambulisho cha NIDA kinasema Mohamed, cheti cha kidato cha sita kinasema Muhammed. Yasawazisheni hayo kabla mwenyeji hajakata tiketi, kwa sababu jina la tiketi na la pasipoti yakipishana kazi inaanza upya.

Mhasibu Mstaafu amejibu:

Mwanangu Mweka Hazina, ndugu aliyetangulia amesema vizuri, nami nitajikita kwenye ukimya wa mhadhiri wenu, ambao naona umekutia wasiwasi bure. Nimekaa kwenye ofisi ya malipo ya taasisi ya umma kwa miaka mingi na ninajua alichokuwa anakiwaza.

Masurufu si fedha za mhadhiri wala si zawadi ya chuo. Ni deni analoliandikisha kwa jina lake. Akisaini fomu ya masurufu ya milioni 20, basi mpaka atakaporudi na kuyarejesha kwa vielelezo, vitabu vinamsoma kwamba anadaiwa milioni 20. Kwetu alipewa siku 14 tangu kurudi kituoni. Siku hizo zikipita bila marejesho, au marejesho yakiwa na upungufu, kiasi kilichobaki kinakatwa kwenye mshahara wake, na hapewi masurufu mengine hadi afunge yale ya kwanza. Sasa piga picha: wanafunzi sita wenye furaha ya mara ya kwanza ya kupanda ndege, kila mmoja na risiti zake mfukoni, mmoja anafua suruali. Nilimwona kwa macho yangu mwalimu mmoja akimwaga mezani kwangu mfuko wa nailoni wenye vipande vya karatasi vilivyogandana kama ugali wa jana, na tulipovibandua vingi vilikuwa vyeupe pande zote mbili, kwa sababu maandishi ya risiti za mashine hufifia. Alikatwa mshahara miezi mitano. Ndiyo maana wa kwenu alinyamaza.

Kwa hiyo msimbebeshe tiketi. Abaki na kile tu ambacho chuo kinatoa, yaani posho ya chakula, na hiyo ina njia nyepesi. Posho ya kujikimu hairejeshwi kwa risiti za wali na soda. Inarejeshwa kwa orodha ya malipo ambayo kila mwanafunzi ameisaini, yenye jina, idadi ya siku, kiwango na jumla. Andaeni orodha hiyo mapema, naye awalipe na mtie saini kabla hamjaondoka Dodoma. Akipanda ndege akiwa ameishaifunga sehemu hiyo, atalala.

Kwa zile gharama ndogo ambazo hazina budi kupita mikononi mwenu, fanyeni haya. Mweka hazina awe na daftari moja la karatasi, si simu, na kila jioni kabla ya kulala aandike tarehe, kilichonunuliwa, kiasi kwa yuro na namba ya risiti. Risiti ipigwe picha siku hiyo hiyo na ibandikwe kwenye karatasi nyeupe. Kule hamtapata risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi ya huku kwetu, na wapo wahasibu vijana watakaowauliza habari zake kwa kukariri, hivyo pateni mapema kibali cha maandishi cha mhasibu wa chuo kinachokubali risiti za nje pamoja na maelezo mafupi ya Kiswahili pembeni. Dukani au kwenye teksi mkisahauliwa risiti, neno la kuomba ni "Quittung". Mkibadilisha fedha, tunzeni karatasi ya benki au ya duka la fedha, kwa kuwa kiwango kilichoandikwa pale ndicho kitakachogeuza yuro zenu kuwa shilingi kwenye marejesho. Asiye na karatasi hiyo atahesabiwa kwa kiwango cha Benki Kuu cha siku husika, na tofauti itakuwa juu yake.

Kwenye bajeti wekeni yuro moja kwa shilingi 3,000 kama makadirio tu, lakini vitabuni iandikwe ilivyokuwa.

Jambo moja dogo ambalo bado linanichekesha. Kule Ujerumani chupa nyingi za maji na soda zina amana ya senti 25, inayosomeka kwenye risiti kama "Pfand", na chupa tupu ikirudishwa kwenye mashine ya dukani mnarudishiwa. Mkaguzi wetu wa ndani aliona mstari huo kwenye risiti za msafara mmoja akaandika hoja: amana za chupa 41 zilirudi kwa nani? Alijibiwa kwa barua rasmi.

Mtu wa Nzuguni amejibu:

Msisahau Dar es Salaam. Watu hupanga safari ya Ulaya kana kwamba ndege inaondokea Dodoma. Alama za vidole kila mwombaji anakwenda kuzitoa mwenyewe, isipokuwa aliyekwisha kuzitoa kwa viza ya Schengen ndani ya miezi 59 iliyopita. Nauli ya treni ya SGR ya kawaida kwenda Dar ni shilingi 31,000, kwa hiyo watu sita kwenda na kurudi ni shilingi 372,000 kwa safari moja tu ya viza, na kama miadi ni asubuhi mnapaswa kulala huko. Kisha kuna safari ya kuchukua pasipoti, ambayo ulizeni kama mmoja anaweza kuwachukulia wote kwa barua za idhini. Kisha ndiyo safari yenyewe. Hizi fedha hazimo kwenye barua ya mwenyeji wala kwenye posho ya chuo, nami naona ndizo mnazopaswa kuchangishana nyumbani, kwa sababu ndizo familia zinaziweza.

Siku ya kuondoka pandeni treni ya siku iliyotangulia, msibahatishe ya siku hiyo hiyo.

Mweka Hazina wa Kikundi ameandika tena:

Shikamoo mzee Mhasibu Mstaafu, na asanteni nyote. Nimewasomea wenzangu majibu haya jana jioni tukiwa chini ya mwembe wa hosteli, na hadithi ya mfuko wa nailoni imemaliza mjadala wa masurufu papo hapo. Leo asubuhi nimemwendea mhadhiri na wazo la orodha ya posho. Alicheka, akaniuliza nani amenifundisha.

Barua kwa mwenyeji tuliiandika siku hiyo hiyo niliposoma jibu la kwanza, na majibu yamekuja baada ya siku mbili. Wamekubali kulipa hosteli moja kwa moja. Tiketi wamekubali pia, kwa sharti kwamba tuwapelekee ankara ya wakala iliyoandikwa kwa jina la chuo chao, lakini wakala wetu ameandika bei kwa dola na anasita kubadilisha. Usafiri wa ndani ya mji wamesema ubaki kwenye utaratibu wa kurejesha, kwamba ni fedha ndogo.

Nina maswali mawili yaliyobaki. Je, hiyo ya usafiri wa mji kweli ni ndogo? Na je, tunaweza kubeba sampuli za asali na zabibu kwenye mabegi yetu ili tuwaonjeshe wenye maduka? Mwenzetu mmoja ana mjomba mwenye kiwanda kidogo cha mvinyo huku Hombolo naye anataka kutupa chupa.

Mama wa Zabibu amejibu:

Mwanangu, mimi nauza zabibu kavu na mvinyo wa hapa Dodoma, na nimekwishakwenda kwenye maonesho ya vyakula Ujerumani mara mbili, kwa hiyo nitajibu ninayoyajua.

Usafiri wa mji si mdogo kwa tarehe zenu. Kuna tiketi ya mwezi inayoitwa Deutschlandticket, inayokubalika kwenye mabasi, treni za mijini na treni za mikoa nchi nzima, isipokuwa treni za mwendo mrefu. Tangu Januari 2026 bei yake ni yuro 63. Lakini mwezi wake ni mwezi wa kalenda, si siku thelathini tangu ununue. Ninyi mnafika 21 Septemba na kuondoka 11 Oktoba, maana yake mtalipia Septemba yote na Oktoba yote: yuro 126 kwa kila mmoja, yuro 756 kwa watu sita. Mngefika tarehe 5 na kuondoka tarehe 26 Septemba mngelipa nusu. Kwa kiwango cha mzee Mhasibu Mstaafu, hiyo tofauti ya yuro 378 ni zaidi ya milioni moja na laki moja. Mwulizeni mwenyeji kama tarehe zinaweza kusogea, na zisiposogea, awaulizie tiketi za wiki za Hamburg yenyewe, huenda zikawafaa kwa zile siku za mwisho wa Septemba. Jambo jingine ni kwamba tiketi hiyo ni ya kujiunga: usipoifuta hadi tarehe 10 ya mwezi, mwezi unaofuata unadaiwa tena, nawe uko Dodoma. Bora mwenyeji ainunue kwa jina la kila mmoja na kuifuta mwenyewe.

Na kwa kuwa mmechagua tarehe hizo, fahamuni kwamba 3 Oktoba ni sikukuu ya taifa lao, nayo mwaka huu inaangukia Jumamosi. Jumapili maduka yao hufungwa. Kwa hiyo ni siku mbili mfululizo bila duka la vyakula, na migahawa ya stesheni itakula posho yenu yote. Nunueni mchele na mayai Ijumaa.

Sampuli ni habari ndefu, nitaigawa kwa bidhaa. Mvinyo: abiria mwenye umri wa miaka 17 au zaidi anaruhusiwa kuingia Umoja wa Ulaya na lita 4 za mvinyo wa kawaida bila ushuru, kwa matumizi yake binafsi au zawadi. Chupa sita zenu za mjomba, moja kwa kila mtu, hazina tabu, mradi ziwe kwenye begi la kupakiwa na zimefungwa ndani ya nguo. Asali: abiria anaruhusiwa hadi kilo 2, nayo pia ni ya matumizi binafsi. Nyama na maziwa msijaribu, hata kipande cha nyama kavu ya mbuzi cha kula njiani. Zabibu mbichi msibebe bila cheti cha afya ya mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Zitachukuliwa mbele ya macho yenu. Zilizokaushwa ni nyepesi zaidi, na ndizo hasa mnazozifanyia mradi.

Lakini angalieni neno "binafsi". Vibuyu viwili vya asali vya kuonja mezani na mwalimu wa kule ni zawadi. Vichupa 40 vyenye lebo, bei na karatasi za matangazo ni bidhaa, na ofisa wa forodha hahitaji shahada ya biashara kuvitofautisha. Mimi mara ya kwanza nilibeba pakiti 60 za zabibu kavu zenye nembo yangu, nikapita njia ya kijani kama mtu asiye na cha kutamka. Nilisimamishwa, begi likafunguliwa, na nikakaa kwenye benchi saa tatu nikieleza kwa Kiingereza changu cha sokoni. Zilibaki kule. Kama mnataka sampuli za biashara, mwenyeji awe mpokeaji wa mzigo, utumwe mapema na hati zake, nanyi mkaukute. Ninyi bebeni za zawadi, na mkiwa na shaka yoyote piteni njia nyekundu mkaseme.

Kwa huyo wakala wa dola, mkumbusheni kwa upole kwamba kanuni zilizoanza kutumika tarehe 28 Machi 2025 zinakataza bei na malipo ya huduma za ndani ya nchi kwa fedha za kigeni. Mwombeni ankara ya shilingi. Akisumbua, mwambieni mwenyeji akate tiketi mwenyewe kutoka kwenye tovuti ya shirika la ndege, mradi mmempelekea kurasa za pasipoti. Wakala hatapenda.

Niliyewahi Kwenda amejibu:

Naongeza mawili kwa Mama wa Zabibu. Mkipewa kuchagua njia, angalieni mnaingilia wapi eneo la Schengen. Mkipita Amsterdam, ukaguzi wa kuingia unafanyika pale, kabla ya ndege ya pili; mkipita Istanbul au Dubai, unafanyika Hamburg mkiwa mmekwishafika. Tangu 12 Oktoba 2025 kumekuwa na mfumo mpya wa kusajili wageni mpakani kwa picha ya uso, na foleni inakwenda polepole, hivyo kuunganisha ndege kwa saa moja na robo Amsterdam na watu saba ni kujitafutia kilio.

La pili ni cheti cha homa ya manjano. Ujerumani hawataiuliza, lakini mkipita Addis Ababa au Nairobi na ndege ikachelewa mkakaa zaidi ya saa 12, Tanzania inaweza kukitaka mnaporudi nyumbani. Chanjo ni moja kwa maisha yote, ila cheti kinaanza kutambulika siku ya kumi baada ya sindano.

Mweka Hazina wa Kikundi ameandika tena:

Mama wa Zabibu, umenifanya nirudi kwenye kalenda. Nimemwandikia mwenyeji kuomba tusogeze tarehe ziwe 5 hadi 26 Septemba, na nimemwekea ile hesabu ya yuro 378, mara mbili kwa rangi nyekundu. Kama akikubali, maana yake maombi ya viza yanabidi yawahi kwa wiki mbili zaidi, kwa hiyo kesho saa mbili asubuhi nawapeleka wale wawili Uhamiaji. Mmoja wao ndiye mwenye jina la namna tatu. Mzee Mhasibu Mstaafu, nauli ya bajaji ya kwenda Uhamiaji niiandike kwenye daftari la safari au ni ya nyumbani?

Mhasibu Mstaafu amejibu:

Iandike. Ukurasa wa kwanza, mstari wa kwanza, na pembeni uandike "haina risiti, imelipwa na wenyewe." Mwenye bajaji mwombe aandike namba ya usajili ya chombo chake na saini kwenye kipande cha karatasi. Atakushangaa, lakini ataandika.